Leseni mpya, gari la mjomba na bima ya bei nafuu

Swali: Assalaamu alaykum, Maalim. Nina miaka 22, kwetu Wete lakini nakaa Fuoni kwa shangazi, na kazi yangu ni mapokezi hotelini Paje. Leseni nimeipata mwezi wa pili tu. Mjomba kanipa Passo yake, watu wanaikadiria milioni 12. Binamu yangu aliye Leicester ananambia huko dereva mpya wa rika letu analipa bima zaidi ya pauni 1,500 kwa mwaka, nikaingiwa na hofu. Mimi akiba yangu ni laki tano. Kuna kijana Darajani anasema atanipatia stika ya bima kwa elfu sabini. Rafiki zangu wanashauri gari nilikodishe kwa wageni siku nisizokuwa na zamu ili lijilipie bima lenyewe. Bibi naye anasema bima ina walakini katika dini. Na Idi nataka kwenda nalo Pemba. Nipate vipi bima isiyoniumiza?

Jibu: Waalaykum salaam, mwanangu, na hongera kwa leseni. Barua moja umenipakilia maswali sita. Nitayajibu kwa mpangilio wangu, kwa sababu lile la kijana wa Darajani halifai kungoja.

Usimpe. Hiyo elfu sabini kaa nayo. Bima ndogo, ile watu wanayoiita thadi pati, ina bei ya chini ambayo kampuni haziruhusiwi kushuka chini yake. Anayesimamia ni TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania. Kwa gari binafsi huko Bara, kwa miaka mingi imekuwa shilingi 100,000, ukitia VAT ya asilimia 18 inakuwa 118,000, na karibu kila dereva wa Dar es Salaam anaijua namba hiyo kichwani. Zanzibar ina sheria yake ya VAT, kwa hiyo usishangae jumla ya dirishani ikipishana kidogo na ya Bara. Lakini haipishani mpaka ikafika elfu sabini.

Sasa huyo kijana anaitoa wapi? Nimekaa dirisha la madai ya bima miaka 17 kabla ya kustaafu, na nitakusimulia stika moja tu niliyoishika kwa mkono. Alikuja mzee mmoja, gari lake limegonga gari la ng'ombe maeneo ya Kiembesamaki, mwenye ng'ombe kavunjika mguu. Stika kaihifadhi vizuri, kaifunika kwa plastiki ngumu kama kitambulisho. Nikaingiza namba yake. Ikaja: pikipiki. Namba ya usajili ilikuwa ya gari la mzee kweli, tarehe ni za kweli, kampuni ni ya kweli, ila pale kwenye aina ya chombo wakala kaandika pikipiki, kwa kuwa bima ya pikipiki ni rahisi zaidi. Mzee kalipa bei ya gari, wakala kapeleka ofisini bei ya pikipiki, tofauti kaiweka mfukoni. Mzee alikuwa akisimamishwa na trafiki mwaka mzima na kuruhusiwa, kwa sababu stika ilionekana hai. Alikuja kujua siku ile, mbele yangu, huku ndugu wa aliyeumia wamemsubiri kwenye benchi nyuma yake.

Kwa hiyo popote utakaponunua, kabla hujanyanyuka kwenye kiti, toa simu, ingia kwenye mfumo wa TIRA MIS, andika namba ya gari au ya stika, usome mstari kwa mstari: kampuni, aina ya chombo, matumizi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Fedha zilipwe kwa namba ya malipo ya kampuni, zisiende kwenye simu ya mtu. Wakala akikwambia "nitumie kwangu, mie nitapeleka", mwambie asante, uondoke.

Tuje kwa binamu yako wa Leicester. Anasema kweli, ila ukweli wake ni wa Uingereza. Huko kampuni zinapanga bei kwa umri, mtaa unaolala gari, aina ya gari, kazi unayofanya, na miaka uliyoendesha. Kijana mwenye leseni mbichi yuko kwenye kundi ghali kuliko yote. Ndiyo maana wanafungiwa kile kisanduku cheusi kinachopeleleza wanavyofunga breki na saa wanazotembea, na ndiyo maana mtu anashawishika kuandika bima kwa jina la baba ilhali dereva wa kila siku ni yeye, jambo ambalo kule linahesabiwa udanganyifu. Sheria yao ya mwaka 1995 inamnyang'anya leseni dereva mpya akifikisha pointi 6 ndani ya miaka 2 ya mwanzo. Mbinu zote unazoziona kwenye video zimetoka kwenye dunia hiyo. Ukizileta Fuoni hazina pa kushika.

Kwetu bima ndogo haikuulizi umri. Wewe mwenye miaka 22 na mjomba wako mwenye miaka 30 ya usukani mtalipa bei moja kwa Passo moja. Kinachoangaliwa ni aina ya chombo na kinatumika kwa kazi gani. Ukienda bima kubwa, ile inayolipa na gari lako mwenyewe, kinaongezeka cha tatu, thamani ya gari. Kwa hiyo, kwa upande wa bei ya kununulia, hofu yako itoe.

Ila ujana wako haukusamehewa. Umehamishiwa mahali pengine, na hapo ndipo ninapotaka utulie usome taratibu.

Kila mkataba wa bima kubwa una kiasi ambacho wewe mwenyewe unachangia kwenye kila ajali kabla kampuni haijatoa chake. Watu wa bima wanakiita ekses. Tuseme mkataba umeandika asilimia 10 ya madai, isipungue laki tatu. Umegonga, matengenezo milioni mbili: asilimia 10 ni laki mbili, lakini kiwango cha chini ni laki tatu, basi laki tatu inatoka kwako, na milioni moja na laki saba kwa kampuni. Mpaka hapo sawa. Geuza ukurasa. Mikataba mingi ya Afrika Mashariki ina mstari mdogo unaosema kwamba dereva aliye chini ya umri fulani, au ambaye leseni yake haijatimiza muda fulani, anaongezewa ekses juu ya ile ya kawaida. Umri wanaoweka ni kama 21 au 25, muda wa leseni ni mwaka mmoja au miwili, kila kampuni na yake. Wewe kwenye umri unaweza kupona. Kwenye leseni ya mwezi wa pili huponi.

Mstari huo haumo kwenye kipeperushi, wala wakala hatautaja, kwa sababu kazi yake ni kukuuzia. Muulize wewe, kwa maneno haya haya: "Leseni yangu haijatimiza mwaka. Nikipata ajali nachangia kiasi gani, na nionyeshe imeandikwa wapi." Kampuni mbili zinaweza kukutajia bei ile ile, halafu moja ikakukata laki tatu siku ya ajali na nyingine laki saba. Aliyelinganisha bei peke yake ataona zote sawa.

Basi ununue ipi, ndogo au kubwa? Tupige hesabu kwa gari lako.

Bima ndogo inalipa wengine: uliyemgonga, gari lake, ukuta wake, kwa viwango vilivyoandikwa kwenye mkataba. Passo yako hailipi hata skrubu, na wewe mwenyewe ukivunjika mkono haikujui. Sheria inaitaka hii kwa kila chombo kinachopita barabarani, kwa hiyo hapa huna hiari. Bima kubwa inabeba hayo yote na gari lako pia: kugonga, kupinduka, moto, wizi, na vitu vya ajabu ajabu. Kwa gari binafsi kiwango kilichozoeleka ni asilimia 3.5 ya thamani. Milioni 12 inakupa 420,000, na kodi juu yake. Laki tano yako inakaribia kuisha yote, najua.

Hapo ndipo mtu atakunong'oneza: andika milioni 8 badala ya 12, utalipa 280,000. Umeokoa 140,000. Sawa. Sasa umegonga, fundi kakadiria matengenezo 1,800,000. Mikataba mingi ina kifungu cha kugawana hasara kwa uwiano: umekatia theluthi mbili ya thamani, nao wanalipa theluthi mbili ya hasara. Utapata 1,200,000, na ekses bado haijatoka humo. Laki sita umeziacha mezani ili uokoe laki na arobaini. Kinyume chake pia hakina faida. Ukiandika milioni 16, gari likiungua kampuni italipa bei ya soko ya siku hiyo, milioni 12 au chini yake, na ile ada ya ziada umewapa sadaka. Peleka gari kwa mthamini au uliza bei za Passo za umri huo kwa wauzaji watatu, uandike namba ya kweli. Na kila mwaka unapohuisha ishushe, gari linazeeka. Nimewaona watu wenye akili zao wanalipia thamani ile ile miaka minne mfululizo.

Dereva mpya ajali zake nyingi ni zipi? Ni kukwaruza bampa akirudi nyuma, kuvunja kioo cha pembeni kwenye kichochoro, kugusa nguzo ya geti la shangazi. Vya laki moja, laki na nusu. Vyote hivyo viko chini ya ekses, na bima kubwa haivilipi. Anayenunua bima kubwa kwa ajili ya mikwaruzo atakuja kunung'unika kwamba kampuni za bima ni wezi, kumbe alinunua mwavuli akitarajia umlinde na vumbi. Bima kubwa ni ya siku gari linapoondoka lote. Jiulize: Passo hii ikiisha leo, unaweza kununua nyingine?

Mjomba hatakupa la pili. Na wewe njia yako ni Paje hadi Fuoni, naamini na usiku ukitoka zamu. Ile barabara naijua. Unapita Jozani ambako wameweka matuta kwa ajili ya kima punju wanaovuka, halafu kuna vijiji ambako ng'ombe analala kwenye lami kwa sababu ina joto. Masika nayo ikishika, ukikaribia mjini unakuta barabara imegeuka ziwa. (Hapo uliza: maji yakiingia kwenye injini, mkataba unalipa? Kwenye mikataba mingine mafuriko yanaongezwa kwa ada ndogo, na mingi hailipi injini uliyoiwasha mwenyewe ndani ya maji.) Kwa mtu mwenye njia hiyo na leseni ya miezi michache, mimi nakushauri bima kubwa mwaka wa kwanza na wa pili. Omba ekses kubwa zaidi kwa kubadilishana na ada ndogo, kama kampuni inakubali. Mikwaruzo jilipie mwenyewe kwa kibubu. Kama fedha hazifiki kabisa, kata bima ndogo ya mwaka mzima, uulize pia bei ya ile ya katikati inayoongeza moto na wizi, na kila mwezi weka kando angalau elfu thelathini. Bima ya miezi mitatu mitatu iache. Ukijumlisha mwaka inakuwa ghali, na siku utakayosahau kuihuisha ndiyo siku utakayokutana na ng'ombe.

Kutodai pia kuna faida. Ukimaliza mwaka bila madai, kampuni nyingi zinakupunguzia ada ya bima kubwa mwaka unaofuata, na punguzo linakua kila mwaka ulio safi. Ukihama kampuni omba barua inayothibitisha, uende nayo. Kwa hiyo kitu kidogo kinachozidi ekses kwa elfu hamsini usikidai. Utapata elfu hamsini, upoteze punguzo.

Nilisema vitu vya ajabu ajabu. Jirani yangu wa Kwerekwe aliegesha gari chini ya mnazi, saa tisa usiku nazi ikashuka. Kioo cha mbele kilikuwa kimezama ndani kama bakuli, na ile nazi imekaa kwenye kiti cha dereva, nzima, haina hata ufa. Alikuwa na bima kubwa, ikalipa. Mwenzake wa nyumba ya pili yalimfika hayo hayo miezi miwili baadaye akiwa na bima ndogo, akalipa mwenyewe. Kama kwa shangazi kuna mnazi, mwite mkwezi.

Sasa la kukodisha kwa wageni, na hapa sitakupamba maneno. Bima ya gari binafsi imeandikwa: matumizi binafsi. Siku unapompa mgeni funguo Nungwi akakupa dola zake thelathini, gari si la matumizi binafsi tena, ni la biashara. Akigonga mtoto wa mtu, kampuni ina haki ya kukataa kulipia gari lako, na kama sheria itailazimisha kumlipa aliyeumia, inaweza kukugeukia wewe irudishiwe fedha zake. Mgeni atakuwa kashapanda ndege. Vile vile ukipakia wafanyakazi wenzako wanne kutoka Paje kila jioni na kila mmoja anakupa elfu mbili. Unaweza kuita kuchangia mafuta, ila mchunguzi wa kampuni ataiita nauli, na atawauliza wao, si wewe. Nimeshuhudia abiria akijibu kwa fahari kabisa, "Huyu ndiye teksi yetu ya kila siku," mwenye gari kasimama pembeni anatamani ardhi ipasuke.

Kukodisha si dhambi. Kuna bima ya magari ya kukodisha, ada yake ni kubwa zaidi na ina masharti yake, pamoja na kibali cha biashara na leseni ya mgeni inayokubalika hapa. Ukishapiga hesabu ya yote hayo kwa gari moja na siku mbili za wiki, sidhani kama itabaki faida. Hesabu ifanye mwenyewe, lakini usichanganye mambo mawili chini ya stika moja.

Jina kwenye kadi ya gari ni la nani? Hukusema, nami nahisi bado ni la mjomba. Usikate bima kwa jina lako gari likiwa la mwingine kwenye karatasi, wala usiiache kwa jina la mjomba kana kwamba yeye ndiye dereva. Mkataba wa bima umesimama juu ya maelezo ya kweli uliyojaza kwenye fomu ya maombi. Fanyeni uhamisho kwenye mamlaka ya mapato kwanza. Kama utachelewa, bima iandikwe kwa mjomba na wewe utajwe kama dereva, leseni yako na tarehe yake, kila kitu wazi. Binti mmoja aliniambia aliacha ile sehemu ya "dereva ana leseni kwa miaka mingapi" wazi, wakala akamjazia "5" ili fomu ipite. Aliona kasaidiwa.

Bibi yako mpe salamu zangu, na usimkatalie. Wasiwasi wake una msingi unaojulikana: unalipa na hujui utapata nini, na fedha zinazungushwa kwenye riba. Ndiyo maana ikaja takaful. Humo hununui ahadi ya kampuni. Wanachama wanatoa michango kwenye mfuko kwa nia ya kusaidiana, kampuni inauendesha mfuko kwa ujira unaojulikana, fedha hazipelekwi kwenye riba, na kikibaki kitu baada ya madai kuna utaratibu wa kukigawa. Shirika la Bima la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1969, lina huduma hiyo. Mimi si shekhe, hukumu ya dini waulizeni wenyewe. La upande wangu ni kwamba hata takaful ina ekses, ina fomu ya kujazwa kwa ukweli, na ina mstari wa dereva mpya. Uusome vile vile.

Wapi pa kununua? Wakala ni mtu wa kampuni. Dalali wa bima, yule mwenye leseni, kazi yake ni kukuwakilisha wewe, na kwa bima ndogo hakuongezei bei, kwa kuwa kamisheni yake inatoka kwa kampuni. Kwa mtu ambaye hajawahi kudai maishani mwake, napendelea dalali. Siku ya ajali atajua nani wa kupigiwa simu. Ila kabla ya kuchagua kampuni nenda kwenye gereji mbili tatu kubwa, Amani au popote, uwaulize mafundi: kampuni gani inalipa haraka, na ipi mmeshikilia magari yake miezi mitano mkisubiri idhini? Mafundi hawana sababu ya kuficha, nao ndio wanaokula hasara ya kusubiri. Mpaka leo ndiyo njia ninayotumia mwenyewe.

Na siku ikifika, Mungu aiepushe. Visiwani kwetu tuna desturi nzuri ambayo kwenye bima inaweza kukuponza. Ajali imetokea, wazee wamekusanyika, sheha kaitwa, mtu anasema tusameheane, mwingine anatoa karatasi ya daftari la skuli: "Mimi fulani nakiri nimegonga na nitalipa gharama zote." Usisaini. Mkataba wako karibu hakika unakukataza kukiri au kuahidi malipo bila kampuni kujua, na ile karatasi itatolewa siku ya madai. Sisemi usiwe na utu. Mpeleke aliyeumia hospitali ya Mnazi Mmoja, mpe pole, kaa na ndugu zake, nenda kumwangalia. Polisi waite, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, itoke kwa aliyeumia, ramani ya ajali ichorwe magari yakiwa pale pale, wewe piga picha za pande zote na namba za magari na majina ya walioona. Kampuni iarifu siku hiyo hiyo, hata kama ni simu tu, halafu andika. Wazee waambie: suluhu ipo, ila ningojeeni kampuni iseme. Wataelewa ukiwaambia kwa adabu. Kampuni ikikuzungusha baada ya kukamilisha karatasi zote, TIRA wana ofisi Unguja, na yupo msuluhishi wa migogoro ya bima. Pelekeni malalamiko kwa maandishi, nakala za kila kitu mkononi.

Limebaki la Idi. Bima yako ikisema eneo lake ni Tanzania, Unguja na Pemba zimo, na ukiteremka Mkoani unaendesha hadi Wete kwa stika ile ile. Mwanya uko baharini. Gari likiwa limefungwa kwenye meli ni mzigo, na mikataba mingi ya gari haibebi linachopata huko, kama gari la jirani kuteleza likaja kukugandamiza. Muulize dalali kabla ya kukata tiketi kama anaweza kukuongezea safari hiyo, na uwaulize wenye meli wanawajibika kwa nini. Piga picha nne za gari kabla halijapanda. Likishuka, lizunguke ukiwa bado ndani ya bandari, kwani ukishatoka getini na mlango umebonyea, hakuna atakayekubali kwamba ulibonyea melini.